Lango Namba Tatu

Jambo la kwanza Kinanda alilogundua kuhusu mji ule ni kwamba watu walishuka pale wakidhani wamefika.

Basi liliwamwaga saa nne asubuhi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali lami inapoishia. Walikuwa na mabegi makubwa mgongoni na viatu vipya vya kupandia milima ambavyo bado vilinukia boksi. Walitazama juu, wakaona wingu. Waliuliza mlima uko wapi, wakaonyeshwa wingu lile lile. Halafu waliuliza lango la hifadhi liko wapi, wakaambiwa liko mbele kilomita arobaini na sita, njia ya udongo, basi hakuna, na gari dogo halifiki. Hapo ndipo nyuso zao zilipobadilika, na hapo ndipo Kinanda, aliyekuwa ameketi kibarazani akisuguliwa viatu vyake vyeupe, alipoona riziki yake ikishuka ngazi za basi kwa miguu yake yenyewe.

Hakuwa mwenyeji. Alikuwa amekuja kumtembelea dada yake kwa siku tatu, baada ya habari fulani za viwanja fulani kumfanya aone ni vizuri apumzike mbali kidogo na mji mkubwa. Siku tatu zilikuwa zimegeuka miezi miwili. Jina la Kinanda alipewa ujanani, kwa sababu ukimgusa popote alitoa sauti tamu.

Mji mzima ulikuwa na magari mawili ya kupeleka wageni mlimani, yote ya mwenye hoteli, na bei yake ilikuwa ya kumfanya mgeni akae chini juu ya begi lake atafakari maisha. Lakini mume wa dada yake Kinanda naye alikuwa na gari. Lilikuwa refu, lenye viti viwili virefu vinavyotazamana nyuma, na lilikuwa limebeba mafundi wa umeme kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa mnadani. Shemeji huyo aliitwa Klachi, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee alichokizungumzia. Gari lake lilikuwa na nguvu ya kufika langoni bila shida. Kinanda hakuona sababu ya kulichosha.

Maana kilomita kumi na tano tu kutoka mjini, kwenye njia hiyo hiyo ya mlimani, palikuwa na shamba la misonobari la kiwanda cha mbao kilichofungwa. Kulikuwa na miti, ukungu wa asubuhi, barabara za kuvutia magogo zilizozunguka na kurudi zilikotoka, na mlinzi mmoja ambaye hakuwa amelipwa mshahara tangu kiwanda kifungwe. Kinanda alimnunulia mlinzi kofia. Walisimamisha mti mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, wakautundikia jiwe upande mmoja ili upande na kushuka kwa heshima, na kando yake wakapachika ubao uliosema: HIFADHI YA MLIMA. LANGO NAMBA TATU. USITUPE TAKA.

Ziara ilikuwa ya saa tatu na ilikuwa na njia tatu. Kulikuwa na Njia ya Nyati, Njia ya Maporomoko na Njia ya Kilele. Njia ya Nyati ilikuwa barabara ya magogo ukiizunguka kwa kulia. Njia ya Maporomoko ilikuwa barabara ile ile ukiizunguka kwa kushoto. Njia ya Kilele ilikuwa barabara ile ile tena, ila vioo vimefungwa kwa ajili ya baridi. Nyati wenyewe hawakuwahi kuonekana, kwa kuwa nyati, Kinanda alieleza, ni mnyama mwenye aibu; nyayo zao zilionekana tele, zikiwa zimeachwa na ng'ombe wa mlinzi. Maporomoko yalikuwa bomba la kiwanda lililopasuka, na wageni waliombwa wasiyasogelee, kwa sababu za uhifadhi.

Bei ilikuwa nusu ya bei ya hoteli. Kwa wiki tano watu walipanda, wakazunguka, wakapiga picha, wakashuka na kupanda basi la jioni wameridhika. Mmoja alituma ujumbe wa shukrani akisema hajawahi kuona hifadhi safi namna ile.

Basi ikafika Jumapili moja, wakashuka wanawake tisa kwa pamoja, hakuna aliyekuwa chini ya miaka sitini. Walishuka kwa utaratibu, wakahesabiana, wakahesabu mizigo, wakahesabiana tena. Kiongozi wao alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na saa iliyobanwa kifuani kwa pini. Walikuwa wauguzi wastaafu wa hospitali moja, na yeye walimwita Metroni, kama walivyomwita kwa miaka ishirini na miwili wodini.

Kinanda alimwendea akiwa ameshavaa sauti yake ya kazi. Alimpa pole ya safari, akamsikitikia kwa bei za hoteli kabla hajaziuliza, akamweleza kuhusu Lango Namba Tatu, ambalo lilikuwa jipya, la karibu, na halijatangazwa sana ili lisijae watu. Kwa kunogesha alimwambia kwamba langoni kuna hata zahanati inayofanya kazi siku zote saba, habari aliyokuwa ameisoma kwenye kijitabu cha hifadhi halisi.

Metroni alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Kisha alimuuliza bei, na alipotajiwa hakuomba apunguziwe. Jambo hilo lingepaswa kumshtua Kinanda, lakini furaha ilimziba masikio.

"Sisi ni watu wa kuandikiana, mwanangu," Metroni alisema. "Bei ni hiyo hiyo uliyoitaja. Niandikie tu risiti inayoeleza."

Kinanda alitoa kitabu chake cha risiti chenye muhuri. Metroni akasimama begani kwake akimwelekeza. Aandike usafiri kwenda hifadhini na kurudi. Aandike kuzungushwa ndani. Aandike kiingilio cha watu tisa. Aandike malazi ya usiku mmoja hifadhini, chakula na mwongozo wa kufika ziwani. Kinanda aliandika yote. Maneno hayakumgharimu kitu, na alishapanga kwamba ikifika saa tisa atawatangazia kuwa mabanda ya kulala yamefungwa kwa sababu ya maporomoko ya udongo, awarudishe mjini na pole nyingi. Alitia sahihi, akaweka namba yake ya simu, akagonga muhuri. Metroni alisoma risiti mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha dua.

Walipanda garini. Aliyekaa mbele kati ya Klachi, aliyeshika usukani, na Kinanda alikuwa mwanamke mzito mwenye magoti mabovu, aliyekuwa mkunga kazi yake yote, na mpaka sasa wenzake walimwita Mkunga. Alipewa nafasi ya mbele kwa sababu ya macho. Alimweleza Kinanda njiani, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi, kwamba ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwisha. La kulia, daktari alimpa mpaka mwisho wa mwaka. Alikuwa ameuona mlima ule kwenye kalenda iliyotundikwa wodi ya wazazi, miaka na miaka, na wenzake wakachangishana ili auone wenyewe.

Kinanda alisema mlima ungemfurahisha sana.

Mlinzi aliinua mti, akapiga saluti. Walizunguka kwa kulia, wakaziona nyayo. Walizunguka kwa kushoto, wakayaona maporomoko kwa mbali. Wanawake walikuwa wapole kuliko wageni wote aliowahi kuwapeleka. Hawakuuliza chochote. Kila alipoeleza jambo walitazamana, wakaitikia kwa pamoja, "Ahaa." Kinanda alizidi kunoga. Aliwapa nyati mia nne, chui wawili na mmea unaotibu magonjwa sitini, na wauguzi wote tisa wakasema ahaa.

Kwenye Njia ya Kilele waliposimama kunyoosha miguu, Mkunga alimshika mkono.

"Kilele ndicho kipi, mwanangu?"

Mbele yao, juu ya misonobari, palikuwa na kilima chenye mnara wa simu. Kinanda alikinyooshea kidole. Mkunga aliweka kiganja juu ya jicho lake la kulia kulikinga na mwanga, akatazama kwa muda mrefu, huku mdomo ukitikisika kidogo kama mtu anayekariri kitu asije akakisahau.

"Nilidhani ni kikubwa zaidi," alisema. "Lakini ni kizuri. Asante."

Kinanda alisogea kando kidogo. Hakuwa mtu wa kusumbuliwa na dhamira, na hata wakati ule hakusumbuliwa sana; alihisi tu kitu kama kokoto ndani ya kiatu, akasubiri kitoke chenyewe.

Hakikupata nafasi ya kutoka, kwa sababu Metroni alikuwa amesimama mbele ya Klachi akimtazama usoni kwa namna ambayo mtu mwingine hutazama chungu kinachokaribia kumwagika. Alimuuliza kama kichwa kinamuuma. Klachi alikiri kwamba kinamuuma, wiki ya tatu sasa, kisogoni, na asubuhi ile barabara ilikuwa imemgawanyikia mara mbili, lakini akachagua ile ya kushoto na ikawa ndiyo. Metroni alimkalisha kwenye kisiki. Kipimo cha presha kilitoka kwenye mkoba wa mmoja wao kama vile mtu mwingine angetoa kitambaa. Walimfunga mkono, wakapampu, wakasikiliza. Walirudia. Mwingine akaja akasikiliza.

"Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini," alisema Metroni.

Klachi hakujua maana ya namba hizo, lakini alijua maana ya wauguzi tisa kunyamaza kwa wakati mmoja. Alitoa ufunguo wa gari mfukoni akawapa bila kuombwa.

Kinanda alitazama yote haya, na taratibu moyo wake ukajaa heshima. Alikuwa ameuona mchezo. Mjanja humjua mjanja, na huu ulikuwa mchezo safi usio na papara, uliochezwa mpaka ufunguo ukatoka wenyewe. Alimvuta Metroni pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye pia ni mtu wa kazi hiyo, wala hana kinyongo, ila baina ya watu wa kazi moja ni vizuri kuambizana mapema mtu anataka nini.

"Kazi ipi, mwanangu?"

"Hii ya kipimo. Ni nzuri sana."

Metroni alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena.

"Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mbili," alisema. "Nilipangiwa zahanati ya langoni, nikakaa miaka sita. Hifadhi ina malango mawili. Hapa ni shamba la misonobari. Tulikuwa tunakuja kununua mbao za kutengenezea machela. Nilijua tangu stendi, na nilikuwa na mpango wangu na wewe baada ya chai. Hilo tutaliongea. Kuhusu shemeji yako hakuna la kuongea. Huyo asipopata dawa leo, kesho dada yako ni mjane."

Kinanda alitabasamu kumwonyesha kwamba ameelewa. Hata sauti, aliwaza, ameiweka mahali pake.

Zahanati ya mjini ilikuwa imefungwa, maana ilikuwa Jumapili. Ya langoni hufunguliwa siku zote saba, kama Kinanda mwenyewe alivyotangaza stendi mbele ya mashahidi. Klachi alilazwa kwenye kiti kirefu cha nyuma. Usukani ulichukuliwa na mama mrefu mkavu waliyemwita King'ora, aliyeendesha gari la wagonjwa kwa miaka kumi na saba kabla na baada ya kusomea uuguzi. Alisogeza kiti, akajaribu breki, akauliza kama kuna mtu ana haja ndogo. Kinanda alipanda kwa sababu mbili: gari lilikuwa la dada yake zaidi kuliko la shemeji, na asingeweza kurudi nyumbani bila gari wala shemeji na kuanza kueleza. Alikaa nyuma kabisa, pembeni ya mizigo, akingoja kuona mchezo utaishia wapi.

Hakuwahi kupita njia ile mpaka juu. Alikuwa ameieleza kwa mamia ya watu, na sasa aliona kwamba hakuwa amepatia hata kona moja. Baada ya shamba udongo ulikuwa mwekundu, kisha mweusi. Walivuka kijito mara mbili, maji yakipita juu ya sakafu ya gari, na mara zote mbili King'ora alivuka bila kubadilisha uso. Waliingia kwenye mianzi iliyoinama pande zote mbili mpaka mchana ukawa wa kijani. Klachi, akiwa amelaza kichwa mapajani mwa mama mmoja, alitoa maelekezo kuhusu klachi, akaambiwa anyamaze, akanyamaza, halafu akatoa mengine.

Kwenye kilomita ya thelathini na nane gari lilizama mpaka ekseli. Wanawake walishuka, wakakata matawi bila kuagizwa, wakayapanga chini ya magurudumu. Ilibaki kazi ya kusukuma, na mwanamume mzima alikuwa mmoja. Kinanda alisukuma na viatu vyake vyeupe. Gurudumu liliposhika lilimpaka tope kutoka kwenye magoti mpaka kwenye nyusi, na gari likaenda zake hatua hamsini mbele kabla ya kumsubiri. Kiatu cha kushoto kilibaki palepale. Alikichimba kwa mikono.

Lango halisi halikuwa na mbwembwe. Lilikuwa mnyororo kati ya nguzo mbili za saruji, ofisi yenye paa la bati na, upande wa pili wa uwanja, zahanati ya vyumba viwili. Walimshusha Klachi wakamwingiza ndani. Mganga alikuwa kijana aliyevaa koti la sufi juu ya koti jeupe. Kinanda alisimama mlangoni, akijua kwamba hapa ndipo mchezo ungefichuka. Mganga alipima kwa kipimo chake mwenyewe, cha umeme, kilichokuwa kimefungwa ukutani, bila kuambiwa namba za kwanza.

Alitaja mia mbili na kumi na nne.

Halafu alisogea haraka. Dawa ilitoka kabatini, Klachi akawekewa ya chini ya ulimi, muuguzi mmoja akashika mkono, mwingine akainua mto, na kijana yule wa koti la sufi alipogundua ni watu gani alionao chumbani akaacha kutoa maagizo, akaanza kuuliza maswali. Alisema, akimwambia Metroni na si mtu mwingine, kwamba mtu huyu angeendelea kuendesha gari siku ile asingeimaliza.

Kinanda alikaa kwenye benchi la nje. Alifikiria dada yake alivyosimama mlangoni asubuhi ile na taulo begani, akimwambia amwangalie mume wake, hali chakula vizuri siku hizi. Yeye alikuwa amejibu kwamba asiwe na wasiwasi. Maisha yake yote alijisifu kwamba anautambua uongo hata ukiwa umevaa suti. Siku ile alikuwa ameambiwa ukweli, polepole, na mtu mwenye miwani, na akausifia kama uongo mzuri.

Metroni alitoka, akamwambia shemeji yake anaendelea vizuri, atalala pale chini ya uangalizi mpaka kesho mchana. Halafu, kwa sauti ile ile, akamwambia kwamba sasa waende ofisini.

Dirishani alikuwa askari wa hifadhi, mwanamke mwenye kalamu sikioni. Aliwakaribisha vizuri. Metroni alifungua kitabu cha dua, akatoa risiti, akaiweka juu ya kaunta. Askari aliisoma kuanzia juu. Alipofika kwenye muhuri alirudi nyuma akausoma tena.

"Lango Namba Tatu," alisema. "Sisi tuna malango mawili, mama."

Kinanda aligeuka akautazama mlango.

"Huyu ndiye mwenyeji wetu," Metroni alisema. "Kiingilio chetu, malazi na mwongozo viko kwake. Ameandika mwenyewe. Kama kuna kosa la maandishi, nadhani atapenda kulirekebisha hapa hapa."

Kinanda alipenda. Alitoa mfukoni kile alichopokea kwa wanawake, akaona hakitoshi, akainama akatoa kwenye soksi kile alichopokea kwa wageni wa wiki mbili zilizopita, kikiwa kimelowa tope la kilomita ya thelathini na nane. Askari alizipokea noti kwa ncha za vidole, akaandika risiti nyingine, ya kweli, akampa na kijiramani.

Walilala kwenye banda la mbao, vitanda vya juu na chini. Wanawake walikuwa na makoti, kofia za sufi na soksi za ziada. Kinanda alikuwa na koti la suti. Jua lilipozama, baridi ilimwingia kupitia kila tundu la kifungo, naye akagundua kwamba wiki zote zile alizowafungia wageni vioo kwa ajili ya baridi hakuwa anajua anasema nini. King'ora alimrushia blanketi bila kumtazama.

Asubuhi walianza safari ya ziwani na kijana mwongozaji wa hifadhi. Njia ilipita kwenye miti iliyovaa ndevu za kijani, kisha miti ikaisha, kikabaki kichaka kifupi cha rangi ya fedha na madimbwi yenye ngozi ya barafu. Kinanda alijaribu mara moja kueleza kitu kuhusu nyati. Mwongozaji alisema kwa upole kwamba nyati hawapandi mpaka hapo. Kinanda hakueleza tena.

Mkunga alienda vizuri saa ya kwanza, na fimbo mbili. Saa ya pili magoti yalikataa. Alikaa juu ya jiwe, akasema waende tu, watamsimulia. Alisema hivyo kwa uchangamfu, na hakuna aliyenyanyua mguu. Wanawake wote walikuwa wamechoka, na mwongozaji alikuwa ameshabeba mabegi matatu. Metroni hakumtazama Kinanda. Hakuna aliyemtazama. Kinanda alisubiri kidogo aone kama atajitokeza mtu mwingine, kisha akaenda akachuchumaa mbele ya lile jiwe, akamgeuzia mgongo.

Alikuwa mzito kweli. Kila baada ya hatua thelathini alisimama, akavuta pumzi nyembamba ya kule juu, akaenda tena. Mkunga alimshika mabega kwa mikono iliyokuwa imepokea maelfu ya watoto, akazungumza karibu na sikio lake.

"Hiki tunachokwenda kukiona ndicho kile cha jana?"

Jibu tamu lilikuja lenyewe, kama kawaida. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini pumzi ilikuwa chache, na ikambidi achague ya kuzungumza nayo.

"Hapana, mama," alisema. "Kile kilikuwa kilima cha mnara wa simu."

Alienda hatua thelathini nyingine kabla hajajibiwa.

"Asante kwa kuniambia," alisema Mkunga. "Usiku kucha nilikuwa najilazimisha kukipenda."

Ziwa lilikuwa dogo, jeusi, limetulia. Nyuma yake lilisimama wingu. Walikaa kwenye majani, wakanywa chai ya chupa, wakasubiri wingu kama wanavyosubiri watu waliozoea zamu ndefu. Hakuna aliyelalamika. Karibu saa tano upepo uligeuka, na wingu likaanza kupanda, kwanza likafunua mawe, kisha mawe zaidi, na walipodhani yameisha yakaendelea kupanda, mpaka ikabidi warudishe shingo nyuma. Juu kabisa palikuwa na weupe uliokuwa ukiwaka.

Mkunga hakuweka kiganja juu ya jicho. Hakuhitaji.

"Nakiona," alisema.

Metroni alikaa karibu naye akamshika mkono. Kinanda alisimama nyuma yao. Aliwahi kuwaeleza watu mia kadhaa kilele hicho kilivyo, na hakuna alichowaambia kilichofanana na kile kilichokuwa mbele yake. Alifungua mdomo, kwa mazoea. Kinanda kiliguswa, hakikulia.

Jumatatu jioni walikuwa stendi. Klachi, akiwa na mfuko wa dawa na karatasi ya masharti, alikaa kando ya dereva, haruhusiwi kushika usukani kwa mwezi mzima. Dada yake Kinanda alikuja na taulo lile lile begani, akasikia habari ya ugonjwa kutoka kwa King'ora, akawashika mikono wauguzi mmoja mmoja akilia. Kisha akamgeukia kaka yake, akamtazama kuanzia kwenye viatu, na kwa kuwa hakuwa ameelezwa habari za misonobari, akamkumbatia kwa nguvu mbele ya watu kwa kumfikisha mume wake hospitali.

Kabla ya kupanda basi, Metroni alimwita pembeni.

"Kuna chama cha walimu wastaafu," alisema. "Wako kumi na wanne. Nimewapa namba yako na bei yako."

Kinanda alimweleza kwa adabu kwamba kwa bei ile mtu anapata hasara.

"Uliitaja mwenyewe, mwanangu. Sikupunguza hata senti. Nilikuongezea maneno tu." Alipapasa kitabu cha dua. "Wakikuletea shida niambie. Risiti yako nimeitunza."

Jumatano asubuhi Kinanda alikuwa kibarazani, begi likiwa miguuni na tiketi mfukoni, ya basi la kwenda mji ambako hakuna aliyemjua. Alikuwa ameshapanga atakachouza huko. Simu ililia. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Ililia tena.

Ilikuwa sauti ya mzee aliyezoea kuongea mbele ya darasa, akitamka kila neno mpaka mwisho. Alisema yeye ni mwenyekiti wa walimu wastaafu. Alisema wameambiwa kwamba katika mji ule watu ni waongo sana, lakini yuko mmoja mwaminifu aliyembeba mama mmoja mgonjwa mgongoni mpaka ziwani, nao wanamtaka huyo huyo, na kama hayupo hawaendi.

Basi lake lilikuwa limeingia, kondakta akigonga bodi. Kinanda alivuta pumzi aseme kwamba amekosea namba. Upande wa pili mzee alisubiri kwa subira, na nyuma yake zilisikika sauti nyingine nyingi zikiulizana amesemaje.

"Waambie waje na makoti mazito," alisema Kinanda. "Kule juu kuna baridi ya kweli."